Nukta nundu sio lugha jamani

Nimeisikia mara nyingi mno sasa, kwenye taarifa ya habari, kwenye hotuba za wageni rasmi, hata kwa walimu: "lugha ya nukta nundu". Afu kuna wale wanaochanganya kabisa, eti wasioona wanatumia lugha ya alama na viziwi wanatumia nukta nundu. Asiyeona ataionaje mikono yako ikicheza hewani?

Kwa kifupi, nukta nundu, au breli kama wengi wanavyoita Kenya, ni maandishi ya kugusa. Kila herufi ina kichumba chenye nafasi za nukta 6, safu mbili za nukta tatu tatu, nyingine zinainuka nyingine hazipo, mpangilio unaweza kutoa maumbo 63, na unasoma kwa kupitisha ncha ya kidole. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa kinachoniudhi. Lugha ni Kiswahili, Kijerumani, Kihaya. Nukta nundu ni namna ya kuziandika, kama hizi herufi unazosoma saa hizi. Chukua neno baba: b ni nukta mbili za juu kushoto, a ni ile moja ya juu kabisa, kwa hiyo kidole kinakutana na mbili, moja, mbili, moja. Mfaransa asiyeona akiishika karatasi hiyo atasoma "baba" bila shida yoyote, ila atafikiria keki, maana kwao baba ni keki inayoloweshwa ramu. Nukta zilezile, lugha mbili. Au Kiarabu, ambacho sote tunajua kinaandikwa kulia kwenda kushoto. Kwenye nukta nundu kinasomwa kushoto kwenda kulia, na hakuna neno hata moja la msahafu lililobadilika.

Lugha ya alama ndo lugha kweli, ina sarufi yake na inazaa maneno yake. Katiba ya Kenya ya 2010 ilishalimaliza hili: ibara ya 120 inataja lugha rasmi za Bunge, Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Breli haimo, na sio kwamba waliisahau, ibara ya 7 inaitaja vizuri tu kwenye njia za mawasiliano za watu wenye ulemavu. Waandishi wa katiba wameelewa, sisi huku bado.

Hata aliyeibuni hakuwa anatunga lugha. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akajiumiza jicho na kifaa chenye ncha kwenye karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu, akapofuka macho yote. Shuleni kwao Paris vitabu vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa, unaifuata moja moja kwa kidole mpaka unachoka, na mwanafunzi mwenyewe hawezi kuandika kitu. Afu akaja Mfaransa mwingine, Charles Barbier, na mfumo wa nukta 12, ila ule uliandika sauti tu, tahajia hakuna, na umbo lilikuwa refu kuliko ncha ya kidole. Braille akazipunguza zikawa 6, akazifungamanisha na alfabeti, mwaka 1829 akachapisha. Yaani kijana alitaka kusoma na kuandika Kifaransa chake kama wenzake, basi.

Na kuandika ndo kwenyewe. Anayetumia sleti na stailasi, ile fremu ya vishimo na kimsumari chake, anatoboa kuanzia kulia kwenda kushoto, kila herufi kinyumenyume, ili akigeuza karatasi nundu zisomeke upande wa pili. Mashine ya Perkins, yaani taipureta ya nukta nundu, imerahisisha, vitufe sita vya nukta na kimoja cha nafasi, unapiga herufi nzima kwa mkupuo mmoja. Ndo maana wale wanaosema "siku hizi simu inasoma yenyewe, breli ya nini" nawashangaa. Simu ni nzuri na wasioona wengi wanaitumia kutwa nzima, ila kusomewa sio kusoma: sikio halikuonyeshi aya inaanzia wapi wala kwamba neno ng'ombe linaandikwa na kile kialama cha juu ('), na hesabu za mabano matatu kuzifanya kwa kusikiliza tu ni adhabu. Na asiyeona ambaye pia ni kiziwi, hiyo simu itamsomea nini?

Kwa hiyo ukiandaa semina na wasioona wamo, usiulize wanatumia lugha gani, wanaongea ileile mnayoongea wote, na mkalimani wa nukta nundu usimtafute maana hayupo. Uliza nani anahitaji nakala ya nukta nundu, ya Kiswahili au ya Kiingereza, na uulize mapema kwa sababu kuchapa kunachukua muda na kurasa zinaongezeka sana.