Uzito wa Gitaa Si Uzito wa Sauti

Juzi tena. Kijana anayepiga kwenye bendi za mahoteli hapa Malindi ameniletea gitaa lake la umeme aina ya Stratocaster, anataka nimtafutie mtu wa kubadilishana naye. "Fundi, hili jepesi mno, ndiyo maana sauti haina nyama. Nipatie Les Paul." Maneno haya nimeyasikia mpaka yananiuma, kwa sababu nawaona walioyaamini: bega limechorwa alama ya mkanda, mgongo umepinda kabla ya miaka 40.

Gitaa lake nililitundika kwenye mizani ya ndoana, hii ya wauza samaki: kilo 3 na nusu. Les Paul, aina nyingine ya gitaa la umeme, nyingi hufika kilo 4 na ushee, nyingine zaidi. Kilo hiyo moja ya ziada, ukisimama nayo kwa muda wa saa nne usiku kwenye joto letu, utaijua asubuhi.

Na sauti? Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya, na mzunguko huo wa waya ndio koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa na kukimbilia kwenye ampu, yaani kikuza sauti. Lile gitaa la kampuni ya Rickenbacker la mwaka 1932, miongoni mwa ya kwanza ya umeme kuuzwa, mwili wake ulikuwa aluminiamu, si ubao. Les Paul inasikika nene hasa kwa kuwa pikapu zake kwa kawaida ni za koili mbili, na za Stratocaster ni koili moja. Watu wanasikia koili, wanasifu kilo! Sikatai kwamba ubao una mchango wake katika mlio wa uzi, lakini ni mdogo mbele ya pikapu, nyuzi na ampu.

La kijana yule nyuzi zilikuwa zimeota kutu ya chumvi, na pikapu zimezama mbali nazo. Nikafunga nyuzi mpya, nikapandisha pikapu kwa bisibisi kama milimita mbili. Sikuzisogeza zaidi, maana sumaku ikikaribia mno huvuta uzi na sauti inayumba. Akapiga, akanyamaza, akapiga tena. Gitaa amerudi nalo nyumbani.

Wapo pia wanaotaka nikwangue rangi yote "ubao upumue". Hilo wamelitoa kwenye gitaa kavu, lisilotumia umeme, ambako uso mwembamba ndio unaotoa sauti na rangi nene huuzuia kweli. Kwenye gitaa la umeme lenye mwili mzima usio na uwazi ndani, tofauti ya rangi utaipata kwenye kiganja. Shingo yenye vanishi ya kung'aa hunata jasho likitoka, hasa kaskazi. Dawa yake ni kuupunguza mng'ao kwa msasa laini sana, nyuma ya shingo tu, na kuishia hapo. Ukifika kwenye mti mtupu, jasho na unyevu vinaingia. Steelwool usiitumie kabla ya kufunika pikapu, sumaku itanasa vumbi lote la chuma.

Nyufa nyembamba kwenye rangi ya nitro (vanishi ya nitroselulosi) si mti kupasuka, ni rangi yenyewe imechoshwa na joto na baridi. Ila usiliegemeze gitaa la nitro kwenye stendi ya mpira, rangi italainika na kushika alama.

Na kabla hujaniletea gitaa zito kulalamika, nunua kwanza mkanda wa ngozi wenye upana wa sentimita 7 au zaidi.