Kuhakiki albamu si kuikosoa

Bendi ya roki ikitoa albamu isiyofanana na zilizotangulia, habari zake hutufikia Tabora zikiwa zimetafsiriwa mbiombio: "albamu yakosolewa vikali", "wakosoaji waimwagia sifa albamu mpya", na sasa "albamu imepata ukosoaji mzuri". Hiyo ya tatu ndiyo iliyozidi. Ukosoaji mzuri ni kitu gani? Anayeisikia redioni akiwa Isevya au Ng'ambo hawezi kujua kama albamu imependwa au imekataliwa, na kosa si lake.

Maana kwanza, kwa ufupi. Uhakiki ni kuisikiliza kazi ya sanaa kwa makini, kueleza imeundwaje, kuilinganisha na nyingine, kisha kutoa hukumu yenye sababu. Afanyaye hivyo ni mhakiki. Hukumu za wahakiki wengi juu ya albamu moja, zikikusanywa, ndizo tunazoziita mapokezi ya wahakiki. Mauzo ni jambo jingine, na mapenzi ya mashabiki ni jingine tena. Aliyewahi kuchambua fani na maudhui sekondari ameshaionja kazi hiyo, basi tusikae hapo.

Tukae kwenye neno lenyewe. Hakiki limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa haki, hakika, uhakika na hakikisha. Kiini chake ni ukweli: kukiangalia kitu mpaka ujue kikoje hasa. Ndiyo maana vyeti vya watumishi huhakikiwa, daftari la wapiga kura huhakikiwa, na kwenye masoko ya tumbaku mkoani kwetu wakulima hawakubali mtumba upandishwe kwenye mizani ambayo haijahakikiwa.

Mtazame afisa vipimo akiwa kazini. Anaanza kwa kuangalia kama mizani ikiwa tupu inasoma sifuri. Anapandisha mawe ya chuma ambayo uzito wake unajulikana, tuseme kilo 20, kisha 40, kisha anaongeza, akisoma namba kila hatua. Halafu analichukua jiwe lilelile, analiweka katikati ya sinia, kisha kwenye kila pembe, kwa sababu mizani inaweza kusema kweli katikati na kudanganya pembeni. Akiridhika anabandika stika. Akikuta inapunja, anaizuia isitumike mpaka itengenezwe. Mizani nzima imehakikiwa, na mbovu nayo imehakikiwa. Hakuna mkulima wa Urambo wala Sikonge atakayesema afisa kaja kuikosoa mizani.

Sasa kosoa. Si neno baya, na umbo lake linapendeza ukilichunguza. Msingi wake ni kosa, likapewa kiambishi cha kutendua, kilekile kinachogeuza funga kuwa fungua, ziba kuwa zibua, tega kuwa tegua. Mzizi ukiwa na irabu o, kiambishi nacho huwa o: choma ikazaa chomoa, kosa ikazaa kosoa. Kwa umbo lake, basi, kukosoa ni kulitoa kosa mahali lilipo, kama mwiba unavyochomolewa mguuni. Mwalimu anayekosoa insha kwa wino mwekundu anafanya hivyo hasa. Wakosoaji wa serikali pia ni matumizi sahihi, maana wanataja jambo wanaloona limekosewa na wanataka lirekebishwe. Chanzo cha mkanganyiko ni rahisi kukiona: Kiingereza humwita kwa jina moja, critic, anayeilaumu serikali na anayeandika juu ya muziki. Mfasiri aliyezoea habari za siasa anakutana na neno hilo kwenye habari ya albamu, analigeuza kwa mazoea, na mhakiki anakuwa mkosoaji.

Kwa hiyo kukosoa kunahitaji kosa, tena kosa linaloweza kurekebishwa. Kwenye albamu makosa ya namna hiyo yapo. Bendi ya Metallica ya Marekani ilipotoa Death Magnetic mwaka 2008, sauti ilikuwa imepandishwa na kubanwa kupita kiasi wakati wa kuimalizia, hata vilele vya mawimbi ya sauti vikakatika na ngoma zikasikika zimepasuka. Nyimbo hizohizo ziliwekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero bila kubanwa kiasi kile, kwa hiyo wasikilizaji waliweza kuziweka sambamba na kusikia tofauti kwa masikio yao. Walidai albamu ichanganywe upya. Huko ndiko kukosoa: hapa pamekosewa, na dawa yake ni hii. Lakini wahakiki wengi waliohukumu utunzi na upigaji waliisifu. Albamu moja ikakosolewa kwa sauti yake na kusifiwa na wahakiki, na mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Sasa chukua albamu iliyobadili mtindo. Bendi ya Radiohead ya Uingereza ilikuwa imetoa OK Computer mwaka 1997, albamu ya magitaa iliyowapa heshima kubwa. Oktoba 2000 ikafuata Kid A. Magitaa yamerudi nyuma, vinanda vya umeme na midundo ya mashine vimekaa mbele, kuna kundi la wapuliza tarumbeta na saksafoni, na kuna ondes Martenot, ala ya umeme ya Kifaransa iliyoanza kupigwa hadharani mwaka 1928. Haikutolewa singo, yaani wimbo wa kuuzwa peke yake, hata moja ya kuitangaza. Jarida la Melody Maker la Uingereza liliipa nyota moja na nusu kati ya tano. Tovuti ya muziki ya Pitchfork ya Marekani ikaipa 10 kati ya 10. Huku sokoni ikaingia namba moja Uingereza na Marekani.

Kosa la kutolewa liko wapi hapo? Gitaa kupungua ni uamuzi wa bendi. Unaweza kuuona uamuzi huo haujaleta muziki mzuri, na una haki ya kusema hivyo ukitoa sababu, lakini hakuna fundi atakayeitwa aje aurekebishe. Aliyetoa nyota moja na nusu alihakiki. Aliyetoa 10 naye alihakiki. Wote wawili ni wahakiki, hata kama hawakukubaliana juu ya dakika moja ya albamu ile.

Kuhakiki albamu ya namna hii ni kugumu, na ugumu wenyewe unaonekana ukirudi kwenye mizani. Mawe ya mhakiki ni kazi anazozijua tayari. Albamu ikifuata mtindo uleule, jiwe moja linatosha: albamu iliyopita. Mtindo ukibadilika, jiwe hilo peke yake hupotosha, kwa sababu unapima uwepo wa vitu ambavyo bendi imeviondoa kwa makusudi. Yanahitajika mawe ya muziki ambao bendi imeuendea. Kwa Kid A hiyo ni elektroniki, jazi, na muziki wa okestra wa karne ya 20. Muda nao unahitajika. Albamu ile waandishi wengi waliisikia kwanza kwenye vikao maalumu vya kusikiliza, bila kukabidhiwa nakala ya kwenda nayo nyumbani, na kusikiliza mara moja kunatosha kushtuka tu. Angalau mara tatu, kwa mpangilio wa nyimbo ulivyo, mara moja kwa vipokea sauti vya masikioni na nyingine kwa spika: chini ya hapo unaandika mshtuko wako.

Na hapa sisi tumerithi neno la kutusaidia, mtindo. Kwenye muziki wa dansi bendi yenyewe iliutaja mtindo wake kwa jina. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata, Western Jazz wakawa na Saboso, NUTA wakawa na Msondo, na Vijana Jazz wakafika Pambamoto. Mtindo mpya ulikuja na jina lake, na msikilizaji aliambiwa mlangoni kwamba leo ni kitu kingine. Bendi za roki hazina desturi hiyo. Albamu inakuja kimya, na jukumu la kueleza kilichobadilika linamwangukia mhakiki. Ndiyo sababu uhakiki wa albamu ya namna hii unapaswa kuwa na maelezo mengi kuliko hukumu: ala gani imeondoka, besi imechukua kazi ya nani, sauti ya mwimbaji imeachwa wazi au imepitishwa kwenye mashine. "Wamebadilika sana" haimwambii msomaji chochote.

Tahadhari moja kuhusu alama. Tovuti ya Metacritic hugeuza nyota kuwa alama za 100, nyota tatu kati ya tano zikawa 60, kisha hutafuta wastani, huku vyombo vingine vikipewa uzito zaidi ya vingine. Kwa albamu, 40 hadi 60 huitwa mapokezi mchanganyiko. Huku hutafsiriwa "mapokezi mabaya", na hilo si kweli. Wahakiki kumi wakitoa nyota tatu kila mmoja, wastani ni 60. Watano wakitoa nyota tano na watano wakatoa moja, wastani ni 60 vilevile, kama uzito wao ni sawa. Albamu ya kwanza haikumsisimua mtu, na ya pili imewagawa watu katikati, jambo ambalo albamu zinazothubutu hulifanya mara nyingi. Wastani peke yake hauonyeshi ni ipi kati ya hizo mbili, kwa hiyo fungua hukumu zenyewe uzisome. Jarida la Rolling Stone la Marekani liliiweka Kid A ya kwanza kwenye orodha yake ya albamu bora za muongo ule wa 2000, lakini hiyo haifuti nyota moja na nusu za mwaka 2000. Zote zimo kwenye historia ya mapokezi yake.

Anayeletewa habari ya aina hii aisome, basi, ana maneno ya kutosha: wahakiki wameisifu, wahakiki hawakuipenda, wahakiki wamegawanyika. Mkosoaji abaki pale penye kosa la kutolewa. Na ile "imepata ukosoaji mzuri" ikija tena mezani, kilichokusudiwa ni "imepokewa vizuri na wahakiki".