Jedwali la elementi halifuati uzito

Wanafunzi wengi hapa Mbeya hukariri kwamba elementi zimepangwa kuanzia nyepesi hadi nzito. Si kweli, na inaniuma kuona wanakosa maksi kwa hilo. Tazama potasiamu, ile K kwenye mfuko wa mbolea ya NPK tunayowekea viazi Uporoto: uzito wake wa atomu ni 39.10, lakini imekaa baada ya gesi ya agoni yenye 39.95! Kinachopanga ni idadi ya protoni, chembe zenye chaji chanya ndani ya kiini cha atomu: agoni 18, potasiamu 19. Nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, huongeza uzito tu, hazibadilishi elementi. Mwingereza Henry Moseley alionyesha msingi huo wa kupanga elementi mwaka 1913 kwa kupima eksirei za elementi mbalimbali. Niobiamu, metali iliyoko kwenye kilima cha Panda Hill, hapa kwetu, ina protoni 41, basi nafasi yake ni ya 41.