Komedi ya skruboli na mkamaria mwenye haiba

Komedi ya skruboli ni aina ya vichekesho vya mapenzi iliyoshamiri katika filamu za Marekani za rangi nyeusi na nyeupe, kuanzia mwaka 1934 hadi miaka ya mwanzo ya 1940. Jina lake limetoka uwanjani. Katika besiboli, mchezo wa Kimarekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, skruboli ni mpira unaorushwa kwa kuuzungusha mkono kinyume cha kawaida, nao ukapinda kuelekea upande ambao mpigaji hakuutarajia. Aliyesifika kwa mtupo huo wakati ule ni Carl Hubbell wa timu ya New York Giants. Neno hilo likatumika pia kwa mtu wa vituko, kisha kwa filamu ambazo mapenzi yake yanapinda kama mpira wenyewe.

Kupinda huko kulikuwa na sababu. Tangu Julai 1934, ofisi ya udhibiti iliyoundwa na wenye studio wenyewe, ikiongozwa na Joseph Breen, ilianza kusimamia kwa ukali kanuni za maadili zilizozuia zinaa isionyeshwe waziwazi na mhalifu asifanywe kipenzi cha watazamaji. Waandishi hawakuacha kuandika juu ya tamaa, ila waliihamishia kwenye maneno yanayokwenda mbio, kwenye ugomvi usiokwisha na kwenye kuanguka mbele za watu. Ndipo mkamaria mwenye haiba alipopata kazi, kwa kuwa riziki yake ni kuusoma uso wa mwenzake huku akiuficha wa kwake, na mchumba naye, tukisema kweli, hafanyi tofauti sana.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni The Lady Eve ya mwaka 1941, iliyoandikwa na kuongozwa na Preston Sturges. Mkamaria hapa ni mwanamke, Jean Harrington, aliyeigizwa na Barbara Stanwyck. Yeye na baba yake huwawinda matajiri katika meli za abiria. Mlengwa wao ni Charles Pike, yaani Henry Fonda, mrithi wa kiwanda cha bia anayerudi kutoka Amazon alikokuwa akichunguza nyoka, kijana msomi ambaye mbele ya wanawake hajui hata aweke wapi mikono yake.

Katika ukumbi wa chakula Jean amempa Charles mgongo, lakini anamtazama kupitia kioo kidogo cha kisanduku chake cha poda. Ndani ya kioo hicho tunawaona wanawake wakijipitisha mmoja baada ya mwingine, huku Jean akisimulia kila hila yao kabla haijafanyika, kama mtu aliyekwisha kuziona karata zote mezani. Charles anapoinuka kuondoka, Jean ananyoosha mguu tu, na kijana anaanguka kifudifudi. Kisigino cha kiatu cha Jean kimevunjika, kwa hiyo ni lazima Charles amsindikize chumbani kubadilisha viatu, na huko anapiga magoti kumvalisha. Mdhibiti hana cha kukata, ingawa kila mtazamaji ameelewa.

Kwenye karata, Charles anaachiwa kwanza ashinde. Mbinu hii haihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na wachezesha pata potea stendini. Mambo yanapinda pale Jean anapompenda kweli: usiku unaofuata, kila baba anapochomeka karata ya wizi, binti anaivuruga hila hiyo kwa hila yake mwenyewe, wote wawili wakitabasamu, na Charles haoni lolote. Tamko la mapenzi katika filamu hii ni hilo hasa, mwizi kutumia ufundi wake kumlinda anayeibiwa, na sijui busu ambalo lingesema zaidi. Baba naye hakati tamaa. Jean akigeuka kidogo, mzee anashinda dola 32,000, kisha anajifanya kuichana hundi ya fedha hizo, ambayo kwa kweli ameificha kiganjani.

Charles anapoujua ukweli anamwacha Jean, naye analipiza kisasi kwa kwenda nyumbani kwa akina Pike huko Connecticut akijiita Lady Eve Sidwich, bibi wa ukoo wa kifahari kutoka Uingereza. Sura habadilishi, na Charles anadanganyika kwa sababu hiyo hiyo: anahoji kwamba wanawake hao wamefanana mno kuwa mtu mmoja, kwani mwenye nia ya kujificha angalau angepaka nywele rangi. Anamwoa, kisha anamkimbia tena usiku wa harusi. Mwanafalsafa Stanley Cavell aliziita filamu za namna hii komedi za kuoana upya, akimaanisha kwamba wapendanao hupaswa kutengana kwanza ndipo wachaguane wakiwa wamefumbuka macho. Hapa kijana hafumbuki hata kidogo. Melini kwa mara nyingine, mguu ule ule unanyooshwa, Charles anaanguka, na anamkumbatia Jean kwa furaha pasipo kujua kwamba ndiye mke wake. Mlango wa chumba unafungwa, na Muggsy, mlinzi wa Charles aliyekuwa akimwonya tangu mwanzo, anachomoka humo akituambia kwamba hakika ni yule yule.