Ajali ya moto: tuambieni aliungua saa ngapi

Mgonjwa wa moto akifikishwa wodini kwetu hapa Mwanza, tukishaona anapumua vizuri tunawauliza ndugu: aliungua saa ngapi? Wengine hudhani tunatafuta wa kulaumiwa. Hapana, tunapiga hesabu ya maji.

Mtu akiungua sehemu kubwa, maji ya damu huvuja kutoka mishipani, mwili ukavimba, na figo zikaishiwa. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni takriban asilimia 1 ya mwili, ndicho tunachopimia. Chukulia mvuvi wa dagaa mwenye kilo 60, karabai imemlipukia mtumbwini, ameungua asilimia 20. Kwa kanuni ya mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia, anahitaji lita 4.8 za dripu katika saa 24, na nusu yake iingie ndani ya saa 8 za mwanzo. Saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika kwetu. Akilala kambini kungoja boti ya asubuhi, zimekwisha. Nawasihi sana ndugu zangu wa Ukerewe, Kome na visiwa vingine: mpelekeni kwanza kituo cha afya kilicho karibu, awekewe dripu, ndipo avushwe.

Kabla ya hapo, mmwagieni maji safi ya bomba au ya ndoo kwenye jeraha kwa dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikifunikwa asipatwe na baridi, hasa mtoto. Barafu msiweke. Vueni pete na bangili mapema, vidole vitavimba. Kisha funikeni kwa kanga safi. Dawa ya meno na yai bichi acheni kabisa: hatuwezi kuona kina cha jeraha mpaka tuviondoe, na mgonjwa anaumia mara ya pili.

Kwa mama mwenye mtoto aliyemwagikiwa uji shingoni: usimwekee mto. Mtoto hupenda kuinamisha kichwa kwa sababu ya maumivu, na kovu likikaza hivyo kidevu huvutwa kifuani. Kwapa na kiwiko navyo vinyooshwe. Kumnyoosha mtoto anayelia kunaumiza moyo, najua, ndiyo maana wodini tunatanguliza dawa ya maumivu. Mkisharuhusiwa, ukiona kiungo kinaanza kukaza, usingoje tarehe ya kliniki. Mlete siku hiyohiyo.