Tiketi isiyo na kiti: mstaafu wa shirika la ndege anapopanda ndege za wengine

Kitambulisho cha mstaafu wa shirika la ndege hutamaniwa sana na majirani. "Wewe si unapanda ndege bure?" humwuliza, na mwenyewe huishia kucheka, kwa sababu jibu la kweli ni refu. Habebwi bure. Alichoachiwa ni ruhusa ya kununua, kwa nauli ndogo, tiketi isiyo na kiti.

Tiketi ipo, jina limeandikwa, safari inajulikana. Kiti ndicho hakipo, wala hakitakuwapo mpaka abiria waliolipa nauli za kawaida wawe wamehesabiwa wote. Kikibaki kimoja, huenda kikawa chake. Kisipobaki, anachukua mkoba wake na kungoja ndege inayofuata, au ya kesho. Hiyo ndiyo safari ya kusubiri nafasi. Wafanyakazi wa mashirika huiita sabulodi, neno lililokatwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kwa kutegemea wingi wa abiria", na kwenye tiketi mara nyingi utaliona limekatwa zaidi likabaki SUBLO.

Mstaafu akipanda ndege za shirika lililokuwa likimwajiri, huo ni utaratibu wa nyumbani. Akipanda za shirika jingine, amekwenda kwa jirani, na kwa jirani kuna adabu zake.

Kwa nini mashirika yanakubali

Kiti cha ndege ni bidhaa inayooza ghafla. Mlango ukifungwa kikiwa kitupu, thamani yake imekwisha; hakiwekwi ghalani kikauzwa kesho. Kumkalisha mtu mmoja zaidi kunaongeza gharama kidogo tu: mafuta ya kubeba uzito wake, mlo mmoja, dakika chache za karani. Kwa hiyo mashirika yalikubaliana tangu zamani: wabebe watu wangu, nami nitawabeba wako.

Maelezo safi kuliko yote ya jambo hili niliyowahi kukutana nayo hayamo katika kijitabu cha shirika lolote, yamo katika sheria ya kodi ya Marekani. Kifungu cha 132 cha sheria hiyo, ambacho kimetumika tangu 1985, hakihesabu kuwa kipato cha kutozwa kodi ile huduma ambayo mwajiri anampa mfanyakazi bila kuingia gharama kubwa ya ziada na bila kupoteza mapato. Mstaafu anahesabiwa kama mfanyakazi. Na mashirika mawili yanaweza kupeana huduma hiyo ikiwa yana mkataba wa maandishi.

Shika hayo maneno, "bila kupoteza mapato". Ndiyo yanayoeleza kwa nini mstaafu lazima asubiri. Kiti ambacho kingeweza kuuzwa kwa mtu mwingine si cha kugawa. Ni mpaka dirisha la mauzo lifungwe ndipo kiti kinapokuwa hakina tena mnunuzi, na hapo ndipo kinapoweza kumwendea yeye. Kungoja kwenye geti si adhabu aliyowekewa. Ndicho kinachofanya nauli iwe ndogo.

Mkataba si wake

Jambo ambalo wastaafu wengi hulijua kwa kuchelewa ni kwamba makubaliano haya ni ya shirika na shirika. Jina la mstaafu halimo. Yeye anafaidi kwa kuwa mwajiri wake wa zamani bado anamtambua na kumdhamini. Kutambuliwa huko nako kuna masharti: baadhi ya mashirika hujumlisha umri na miaka ya kazi na kutaka jumla ifike kiwango fulani, mengine hutazama miaka ya utumishi peke yake. Aliyeacha kazi mapema kwa hiari yake huenda asihesabiwe mstaafu hata kidogo, ingawa alitumikia muda mrefu.

Kisha kila mkataba una mipaka yake. Mmoja utamkubali mstaafu na mwenzi wake lakini utawaacha wazazi. Mwingine utawakubali wote ila kwa daraja la kawaida tu. Mwingine unawahusu walio kazini peke yao, na mstaafu hana lake humo. Hata msimu unaweza kutajwa: baadhi ya mashirika hufunga milango kwa wageni wa aina hii wakati wa sikukuu na likizo kubwa. Mtu aliyezoea kupanda ndege za shirika fulani miaka yote ya kazi anaweza kugundua wiki ya kwanza ya kustaafu kwamba mlango huo ulikuwa wa wafanyakazi tu.

Na shirika lenyewe likifa? Mkono uliotia saini haupo tena. Pan Am ilisimama tarehe 4 Desemba 1991, Sabena ikafilisika Novemba 2001, Alitalia ikaruka mara ya mwisho Oktoba 2021. Hayo yalikuwa majina makubwa ya anga. Pensheni inaweza kuwa na mfuko wake au bima yake ya kuiokoa. Ahadi ya kubebwa na jirani haina mfuko popote.

Nauli inavyopigwa

Kuna njia mbili kuu. Ya zamani ni punguzo la asilimia, ambalo hutambulika kwa herufi ID na namba: ID50, ID75, ID90. Namba ni asilimia inayoondolewa. ID90 ina maana kwamba unalipa sehemu moja ya kumi. Inasikika tamu, lakini sehemu ya kumi ya nini? Ya nauli kamili iliyotangazwa, ile ambayo karibu hakuna abiria anayeilipa siku hizi. Ukiongeza kodi na ada, unaweza kukuta kwamba nauli ya ofa aliyoinunua mtu wa kawaida miezi mitatu kabla haitofautiani sana na yako, naye ana kiti.

Njia ya pili ni ZED, herufi zinazosimama kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya punguzo la mfanyakazi kwa kanda. Hapa nauli ya kawaida haiangaliwi kabisa. Umbali wa anga kati ya viwanja viwili hupimwa kwa maili, ukawekwa kwenye kanda, na kila kanda ina bei yake. Mashirika mawili huchagua baina yao kama yatatumia ngazi ya chini, ya kati au ya juu. Faida yake ni kwamba bei inajulikana mapema na haipandi kwa sababu ya msimu.

Ila ZED huhesabu kila mruko peke yake. Safari ya kuunganisha ndege mbili ni nauli mbili, hata kama ukijumlisha umbali wote ni mfupi kuliko mruko mmoja mrefu. Tena kodi za serikali na ada za viwanja haziguswi na punguzo. Uingereza, kwa mfano, ina kodi ya abiria wa ndege tangu 1994, na mstaafu anayeondoka huko kwa matembezi yake anailipa kama mwingine yeyote. Kwa safari ndefu, kodi inaweza kuipita nauli yenyewe.

Foleni

Sasa twende kwenye geti, maana hapo ndipo dhana inakutana na miguu inayouma.

Mstaafu akishanunua tiketi, anatakiwa aorodheshwe kwenye ndege anayoikusudia. Kununua na kuorodheshwa ni vitu viwili tofauti, na asiyeorodheshwa anaweza kukataliwa hata kama ndege ni tupu. Mashirika mengi hutumia mifumo ya mtandaoni kama myIDTravel, na humo huonyeshwa dalili ya hali ya ndege, mara nyingi kwa alama au rangi tu. Wastaafu hupata shida hapa kuliko wenzao, kwa kuwa huenda barua pepe ya kazini imeshafungwa na hawana tena mwenzao wa meza ya pili wa kuwachungulilia orodha.

Orodha ina ngazi. Kanuni ya kawaida ni kwamba watu wa nyumba hutangulia: wafanyakazi wa shirika lenye ndege, kisha familia zao na wastaafu wao kwa mpangilio wa shirika hilo. Wageni kutoka mashirika mengine hufuata. Kati ya wageni wenyewe, mara nyingi kinachoamua ni nani aliwahi kujiandikisha kwa safari, ingawa kila shirika lina yake. Cheo alichokuwa nacho mstaafu hakina uzito kwenye ndege ya jirani. Rubani mkuu wa zamani anaweza kuachwa nyuma ya karani kijana wa shirika lenye ndege, na karani huyo hana kosa.

Tuchukue mfano. Ndege ina viti 180. Wiki moja kabla vimeuzwa 150, na mstaafu anafurahi kuona viti 30 vitupu. Siku ya safari vimeuzwa 174. Vimebaki 6. Wanaosubiri ni watu 5 wa nyumba na wageni 4, yeye akiwa wa pili katika wageni. Watano wanakaa, mgeni wa kwanza anachukua cha sita, mlango unafungwa. Lakini kama abiria watatu waliolipa hawakutokea, viti vinakuwa 9 na wageni wote wanne wanapanda. Subira yavuta heri, wanasema; kwenye geti, heri hiyo huletwa na mtu usiyemjua aliyekwama kwenye foleni ya magari.

Akiwa na mwenzi wake, hesabu inakuwa chungu zaidi. Wao ni majina mawili. Karani anaweza kuinua macho na kusema kiti kimebaki kimoja, mmoja atakwenda? Jibu linatakiwa papo hapo. Wanandoa wenye busara hulimaliza jambo hilo nyumbani.

Kuna pigo jingine ambalo hata wazoefu huliona kama uonevu: viti vipo, na bado unaachwa. Ndege ina ukomo wa uzito. Joto kali, uwanja ulio juu sana, njia ya kurukia iliyo fupi, mizigo mingi au upepo wa mbele unaodai mafuta zaidi, vyote hupunguza idadi ya watu wanaoweza kubebwa. Wa kwanza kukatwa ni wale wasio na kiti.

Ukiachwa, umeachwa

Abiria wa kawaida akizuiwa kupanda anaweza kudai fidia. Sheria ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa haki hizo, lakini kifungu chake cha 3 kinasema wazi kwamba haiwahusu wanaosafiri bure au kwa nauli ya punguzo isiyopatikana kwa umma. Maneno hayo yanamgusa mstaafu moja kwa moja. Hoteli, chakula na ndege mbadala ni juu yake mwenyewe.

Kwa hiyo nauli ya kweli ya safari hii haiko kwenye tiketi peke yake. Iko pia kwenye akiba ya kulipia usiku mmoja au miwili pasipotarajiwa, na kiasi cha kununua tiketi ya kawaida siku mambo yakikwama kabisa. Aliye na arusi ya kuwahi, au matibabu, au meli ya kupanda kwa tarehe maalumu, ningemshauri anunue kiti kama watu wengine.

Hali imekuwa ngumu kuliko zamani, na takwimu zinaonyesha. Katika miaka ya 1970 ilikuwa kawaida ndege za Marekani kuruka na theluthi moja ya viti ikiwa wazi, au zaidi. Mwaka 2024, kwa hesabu za IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, wastani wa dunia ulikuwa asilimia 83.5 ya viti vilivyojaa. Wastani huo unachanganya ndege ya usiku wa Jumanne na ya Ijumaa jioni, hivyo ile ya Ijumaa imejaa pomoni. Programu za kompyuta za kuuza viti zimekuwa hodari; kiti ambacho zamani kingebaki sasa hupata mnunuzi usiku wa kuamkia safari.

Mstaafu, hata hivyo, ana kitu kimoja ambacho aliye kazini hana: hana Jumatatu. Anaweza kuondoka Jumatano, kungoja hadi Alhamisi, kupita njia ndefu yenye ndege tupu. Wazoefu huchagua ndege ya kwanza ya siku, ili wakiachwa wabaki na nyingine mbele yao, na hukwepa njia yenye ndege moja kwa wiki kama ugonjwa. Hubeba mkoba wa mkononi tu. Hukagua viza ya nchi ya kupitia, kwa sababu wanaweza kulala huko bila kupanga. Pia huuliza mapema kama tiketi ya kusubiri nafasi inakubalika kama uthibitisho wa kurudi, pale nchi ya kuingia inapodai uthibitisho huo.

Na wengi hushika tiketi za mashirika mawili au matatu kwa safari moja. Si ulafi. Tiketi ya ZED ambayo haikutumika kwa kawaida hurudishiwa fedha kupitia ofisi ya safari za wafanyakazi ya mwajiri wa zamani, ilimradi idaiwe ndani ya muda uliowekwa. Fedha hazirudi siku hiyo hiyo, na anayesahau kujiondoa kwenye orodha ya ndege ambayo hakupanda anaweza kutozwa faini au kuandikiwa alama mbaya, hivyo kazi ya kwanza baada ya kufika ni kukaa chini na simu, kufuta majina kwenye ndege zilizobaki.