Vikeki vya Valentaini kwenye joto la kaskazi

Assalaam alaykum mashoga zangu, na kaka zangu pia maana najua mnasoma humu kimyakimya. Meseji zishaanza kumiminika na karibu zote zinauliza suali moja, vile vikeki vidogo vya kutia mdomoni mara moja vinapikwaje mpaka vimfikie mtu wake bado vizuri. Wengi washatizama video za nje, krimu imesimama juu ya kikeki imejizungusha kama kilemba, wakijaribu hapa Unguja ikifika saa nane mchana krimu yote ishateremka ubavuni na kikaratasi kimerowa mafuta.

Sababu iko wazi. Wale wanaopika kwenye video Februari kwao ni baridi, jikoni kwao siagi inakaa mezani siku nzima na haibadiliki. Sie Februari ndo kaskazi imekolea, mchana joto linafika 32 au 33, na siagi inayeyuka baina ya 32 na 35. Chokoleti halisi nayo inayeyuka kwenye 34 hivi, ndo maana mdomoni inapotea yenyewe, lakini hapa kwetu inaanza kupotea kabla haijafika mdomoni. Kwa hivo unapoweka utamu wote juu ya kikeki unagombana na hali ya hewa, na hali ya hewa itashinda. Mie kwa oda zote za mwezi huu utamu nauweka ndani ya unga wenyewe, ile iliki, nazi, marashi, shira, na juu napambia kitu chepesi ambacho hakina mafuta. Haya yote nnayokwambieni hapa chini yanatoka kwenye hilo.

Kwanza tufahamiane kuhusu udogo wenyewe, maana mtu anadhani kikeki kidogo ni keki ile ile ila umeigawa, halafu anashangaa mbona vikavu. Kitu kidogo sehemu yake kubwa iko nje, inagusa bati na inagusa hewa, kwa hivo kinaiva haraka na kinakauka haraka vile vile. Keki kubwa ukiichelewesha dakika tano kwenye oveni husikii kitu, kikeki cha tonge moja dakika mbili tu zinatosha kukifanya biskuti. Ndo maana hapa natumia mafuta ya kula badala ya siagi. Siagi ina maji ndani yake, mafuta ni mafuta matupu na hayagandi, kwa hivo kikeki kinabaki laini hata kesho yake, na hata ukikitia friji hakiwi kigumu. Ladha ya siagi utaikosa kidogo lakini tui la nazi linaziba hilo pengo vizuri sana, wallahi kwa mie naona linapita.

Vipimo vyangu ndo hivi, unga wa ngano gramu 150, sukari gramu 120, mayai mawili, mafuta ml 80, tui zito la kasimile ml 120, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo tu na iliki punje kumi au kumi na mbili. Vinatoka vikeki kama 24, yaani bati moja la vishimo vidogo, na unaweza kupata viwili vitatu vya kuonja. Iliki usinunue ile ya unga iliyokaa dukani, imeshapoteza harufu. Nenda soko la Darajani chukua iliki ya kijani, menya, zile mbegu twanga kwenye kinu pamoja na kijiko kimoja cha sukari kutoka kwenye ile ile uliyopima, sukari inazisaga mbegu mpaka zinakuwa unga laini na hutokuja kung'ata kipande.

Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, kama huna mashine basi mkono wako na mchapo, dakika tano za nguvu. Tia mafuta kidogo kidogo huku unapiga, halafu tui. Unga chekecha pamoja na bekingi pauda na chumvi, utie kwa mafungu mawili na hapo sasa mashine weka pembeni, changanya kwa mwiko taratibu na unga ukishapotea acha. Ukiendelea kuukoroga unga wa ngano unavuta, kikeki kinatoka na vitundu virefu ndani na kinakuwa kinatafunika kama mkate. Mimina kwenye mfuko wa nailoni safi, kata ncha, ujaze vishimo theluthi mbili. Kwa kijiko utachafua bati zima na vikeki havitolingana, na visipolingana vidogo vinaungua wakati vikubwa bado.

Oveni iwe 175 na iwe ishapata moto kabisa kabla hujatia. Dakika ya kumi fungua uangalie, bonyeza kimoja katikati kwa kidole, kikirudi juu kimeiva. Mara nyingi ni kumi mpaka kumi na mbili. Ukivitoa viache dakika mbili tatu tu uvihamishe, bati la moto linaendelea kupika hata ukiwa ushazima oveni.

Kwa wasio na oveni, na najua mko wengi hasa shamba, kupalia mkaa kunafanya kazi nzuri sana na bibi zetu mkate wa mayai wameupika hivo hivo miaka yote. Ila kwa vidogo punguza moto wa chini, makaa machache tu yaliyoshika majivu, na juu ya bati la kufunikia weka mengi zaidi. Chini vinaungua kabla juu havijapata rangi, hilo ndo tatizo linalowapata wengi. Na kama huna bati la vishimo, mimina kwenye sinia au trei iwe nyembamba, ikiiva iwe na unene wa sentimita mbili hivi, acha ipoe kabisa halafu kata kwa kikatio cha kopa au hata kwa mdomo wa finjani ya kahawa uliopaka mafuta kidogo. Ikiwa bado ya moto inachanika. Yale mabaki usitupe, ntayarudia.

Zile fomu za mpira wa silikoni zenye umbo la kopa mnaziulizia sana. Zinapendeza, lakini mpira hauchukui moto kama bati, kwa hivo vikeki vinachelewa kuiva na havipati rangi ubavuni. Ongeza dakika tatu nne na uziweke juu ya trei ngumu, ukizinyanyua bila trei zinapinda na unga wote unamwagika.

Sasa shira, hapa ndo penye raha yenyewe. Sukari gramu 100 na maji ml 100, chemsha dakika tatu, epua, ikipungua moto tia kijiko kimoja cha chakula cha marashi ya mawaridi. Angalia chupa vizuri kwa sababu marashi yanouzwa madukani mengine ni ya kurashia watu harusini tu, tafuta yalioandikwa ya kula. Vikeki vikiwa bado vina uvuguvugu paka shira kwa brashi, kila kimoja kama nusu kijiko cha chai, ngoja inywe, rudia mara moja. Sukari inashika maji na haiyaachii upesi, kwa hivo hio shira ndo inayozuia kikeki kukauka na pia inapeleka harufu mpaka katikati. Mtu akikitia mdomoni anapata waridi, halafu iliki, halafu nazi inabaki mwisho. Hakuna krimu ya kukupa hilo.

Wanaopenda asumini kuna njia mie naipenda mno. Chukua kopo lenye kifuniko, tia sukari, tandaza asumini zilizochumwa jioni juu yake, funika mpaka asubuhi. Sukari inavuta harufu yote. Toa maua, utumie ile sukari kwenye shira na usitie marashi tena, viwili hivo vikiwa pamoja vinagombana. Maua yawe ya nyumbani kwako au kwa jirani unayemjua, maana vikuba na mashada ya kununua hujui yamepulizwa nini. Na kwa nyumba zetu huku, asumini ni ya mwanamke na mumewe toka zamani, kabla hatujaijua hio Valentaini, kwa hivo kikeki chenye harufu hio kinasema kitu ambacho kopa nyekundu ya plastiki haisemi.

Kuhusu wekundu. Tafadhali msimwage rangi ya chupa mpaka kikeki kinaacha doa ulimini. Wengine wanatia bitiruti kwenye unga wakidhani itatoka nyekundu, ikiingia motoni inageuka hudhurungi. Rangi iwe juu tu na ipatikane kwenye rozela, chemsha maua makavu kwa maji machache mpaka yawe mazito, chuja, yapoe. Aisingi shuga, ile sukari ya unga, gramu 150 changanya na vijiko vya chakula kimoja na nusu vya hayo maji na matone ya ndimu. Inatoka rangi ya waridi nzuri ya asili yenye ukali kidogo unaovunja utamu wa shira. Ndimu usiiache, rozela ikikutana na kitu chenye ukali inang'aa nyekundu na ikikutana na magadi inageuka zambarau ya kijivujivu. Chovya kichwa cha kikeki, kigeuze, nyunyiza lozi iliyosagwa au nazi kavu, kiache hewani saa moja kigande. Hapa hamna mafuta kwa hivo joto halikiteremshi.

Yale mabaki sasa, yavuruge kwa vidole, kila gramu 300 tia vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya kopo yale mazito, finyanga viduara vya ukubwa wa kaimati, visimamishe friji nusu saa. Hivi ukivichomeka vijiti ndo keki za kijiti. Kwa kuchovya wengi wanatumia chokoleti ya kompaundi, haina mafuta ya kakao bali mafuta mengine ya mimea, inastahamili joto zaidi na inaganda bila shughuli. Mie ladha yake sipendi, inabaki kwenye ulimi kama mshumaa, kwa hivo keki za kijiti nazifanya tu kwa mtu anayekuja kuchukua mwenyewe jioni, na nachovya chokoleti nyeusi halisi. Kibakuli kiwe kikavu kabisa, tone moja la maji likiingia chokoleti yote inashikana inakuwa tope. Na vikitoka friji msivifunue hapo hapo, hewa yetu ina unyevu mwingi, vinatoa jasho na jasho likikauka linaacha mabaka meupe. Acha boksi limefungwa mpaka baridi ipungue.

Mwaka huu wa 2026 tarehe 14 ni Jumamosi na Ramadhani iko mlangoni, watu wapo kwenye kuvunja jungu, kwa hivo wengi mtapika vya familia nzima na sio vya wawili tu. Mwaka 2027 itatuangukia ndani ya mwezi wenyewe, hapo itakuwa vya baada ya futari.

Wanaopeleka Pemba, shira paka moja tu badala ya mbili, ile ya juu msipake, mpeni mchukuzi kichupa cha rozela na aisingi shuga pembeni, achanganye akishashuka bandari ya Mkoani. Vipangeni kwenye kopo la bati tabaka moja moja na karatasi katikati, vishikane visicheze, na kopo likae kivulini, sio juu ya mizigo kwenye jua la boti. Vya nazi vinakaa vizuri siku mbili nje ya friji, siku ya tatu msimpe mtu.